Je, Hekima wa Mithali 8 ni Yesu?

Mhubiri akifungua Mithali 8, mara nyingi hata hafiki katikati ya sura kabla ya kutangaza kwamba anayesema pale ni Yesu. Waumini wanaitika amina. Akitokea mwalimu wa Biblia akasema, "Ngojeni kidogo, huyu kwanza ni Hekima," anaonekana ana walakini, kana kwamba amemnyang'anya Kristo kitu. Mwalimu huyu anahitaji kusikilizwa zaidi ya anavyosikilizwa, ingawa mhubiri naye hakukurupuka.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia hapa na kutuangusha hapo hapo. Watafsiri wa Union Version, Biblia ya Kiswahili inayotumika sana, hawakuandika "Hekima hailii", waliandika "Je! Hekima halii?" Na katika 9:1 wakaandika "Hekima ameijenga nyumba yake." Kwa kubadilisha kiambishi tu, neno limehama ngeli na kuwa mtu anayejenga. Ila tumepoteza jinsia. Kwa Kiebrania (hokma) na Kigiriki (sofia) neno hili ni la kike, na shairi lenyewe linamchora mwanamke. Kwetu anachungulia mara moja katika 7:4, ambapo kijana anafundishwa amwite hekima "umbu langu", jina ambalo mwanamume humwita dada yake. Kisha ukifika Mathayo 11:19 unasoma "hekima imejulikana kuwa ina haki". Amerudi kuwa kitu, na msomaji anapita bila kujua kwamba ni yule yule wa Mithali.

Hoja ya mwalimu inaanzia kwenye shairi. Hekima anasimama njia panda na penye malango ya mji. Ana nyumba ya nguzo saba, amechinja, ameandaa meza, ametuma wajakazi wake waalike watu. Mistari michache mbele, katika 9:13–14, anaketi mwanamke mwingine mlangoni pake, Upumbavu, akiwaita wapita njia wale wale kwa maneno karibu yale yale. Hao wawili wamechorwa kwa kalamu moja. Hakuna aliyewahi kuuliza Upumbavu alikaa mbingu gani kabla ya dunia kuumbwa, maana kila mtu anatambua kwamba ni sura ya ushairi. Mbona kwa jirani yake tunaharakisha?

Halafu kuna 8:22, na hapa ndipo mwalimu ana mali nyingi kuliko anavyodhaniwa. Union inasema "BWANA alikuwa nami katika mwanzo wa njia yake", Biblia ya Habari Njema inasema "aliniumba". Tofauti hiyo si ndogo. Kitenzi cha Kiebrania ni qana. Kimo mara 14 katika Mithali. Ukiiweka kando 8:22, mara 13 zilizobaki zote zinahusu kupata au kununua: "jipatie hekima", "jipatie ufahamu", hata yule mnunuzi wa 20:14 anayeponda bidhaa akiwa dukani kisha akajisifu akishaondoka. Sura ya 4:7 inakirudia mara mbili katika mstari mmoja. Msikilizaji wa kwanza, aliyeambiwa tangu sura ya 4 aende akaipate hekima, anafika sura ya 8 na kusikia kwamba Mungu mwenyewe alishafanya hivyo, kabla ya vilindi na kabla ya milima. Hiyo ndiyo nguvu ya shairi: unatumwa kutafuta kile ambacho Muumba alianza nacho. Ukikimbilia kusema "ni Yesu", uzi huo wote umeukata.

Ni haki kuongeza kwamba mahali pengine, Mungu akiwa ndiye mtenda, qana huelekea maana ya kuumba, kama wengi wanavyoisoma Mwanzo 14:19. Tena 8:24–25 inatumia lugha ya kuzaliwa. Hesabu ya 13 kwa moja haimalizi mjadala. Inatosha kumzuia mtu asiushike mstari huu kama rungu.

Na kama rungu ulishawahi kutumika. Tafsiri ya kale ya Kigiriki iliandika ektisen, "aliniumba". Karne ya 4 huko Aleksandria, kasisi Ario alijenga juu yake: anayesema ni Mwana, naye anasema ameumbwa, basi Mwana ni kiumbe. Mpinzani wake Athanasio, askofu wa mji huo, hakukana kwamba msemaji ni Mwana. Kwa sababu hiyo ilimbidi atumie sehemu kubwa ya hotuba yake ya pili dhidi ya Waario kufafanua mstari huo mmoja, akisema kuumbwa huko kunahusu ubinadamu aliouvaa. Askofu Basili wa Kaisaria alikumbusha baadaye kwamba wafasiri wengine waliandika "alinipata", na Jeromu, akitafsiri Biblia kwa Kilatini, akachagua possedit, "alinimiliki". Jasho lote hilo lilitokana na hatua moja, ya kusema Hekima ni Mwana, ambayo pande zote mbili ziliruka bila kuuliza. Leo Mashahidi wa Yehova, ambao nao husema Mwana aliumbwa, wakibisha hodi na mstari huo huo, Mkristo aliyekwisha kukubali kwamba Hekima ni Yesu moja kwa moja anaanza mjadala akiwa ameshatoa nusu ya uwanja. Wala hatua hiyo haikuwa ya wote tangu mwanzo: maaskofu Ireneo na Theofilo wa Antiokia, karne ya 2, walimtaja Hekima kuwa ni Roho.

Mhubiri naye ana lake. Paulo anamwita Kristo "nguvu ya Mungu, na hekima ya Mungu" (1 Kor 1:24). Katika Luka 11:49 hekima ya Mungu ndiyo inayosema itatuma manabii. Katika Mathayo 23:34 kauli hiyo hiyo Yesu anaisema kwa "mimi". Waebrania 1:3 inamwita Mwana mng'ao wa utukufu kwa neno apaugasma, ambalo katika Agano Jipya liko hapo tu, na katika Agano la Kale la Kigiriki liko katika kitabu cha Hekima ya Solomoni 7:26, likimhusu Hekima. Katika kitabu cha Yoshua bin Sira 24 Hekima anaambiwa apige hema yake katika Israeli. Yohana 1:14 Neno anapiga hema kwetu. Waprotestanti wengi hawana vitabu hivyo viwili, kwa hiyo wanaruka kutoka Mithali hadi Yohana bila kuona daraja.

Lakini tazama daraja linavyopitwa. Waandishi hao wanachukua kazi za Hekima, yaani kuumba, kung'aa, kukaa na watu, kuita, na kumpa Yesu. Hakuna hata mmoja anayenukuu 8:22. Kusema Kristo anatimiza yaliyosemwa juu ya Hekima ni jambo moja. Kusema Mithali 8 ni wasifu wake ni jambo jingine, na la pili halikuandikwa na mtume yeyote.

Katika mwaka C, yaani wa tatu katika mzunguko wao wa miaka mitatu wa masomo ya Misa, Wakatoliki husoma Mithali 8:22–31 Jumapili ya Utatu Mtakatifu. Somo linakoma Hekima akiwa bado anacheza mbele za Mungu. Mstari unaofuata, anageuka: basi sasa, wanangu, nisikilizeni. Hapo msomaji ameshafunga kitabu.