Mionzi Huua au Hujenga Nyuzi Nano za Polima?

Alan Heeger, Alan MacDiarmid na Hideki Shirakawa walipata Nobeli ya Kemia mwaka 2000 kwa kuonyesha kwamba plastiki inaweza kupitisha umeme. Leo polima hizo, yaani plastiki za molekuli ndefu kama minyororo, hufumwa kuwa nyuzi zenye kipenyo cha nanomita mia chache (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na watafiti wanazijaribu kama viunzi vya kuoteshea seli za neva. Kinachoingia mwilini sharti kiuliwe vijidudu kwanza. Njia mojawapo iliyozoeleka ni miale ya gama ya kobalti-60, kwa kipimo cha kilogrei 25 (kilogrei ni kizio cha nishati ya mionzi inayomezwa na kitu). Je, uzi unatoka humo ukiwa bado unapitisha umeme?

Wenye hofu kwamba uzi utaharibika wana hoja nzito. Mionzi hung'oa elektroni, huvunja vifungo vya kemikali na kuacha radikali huru, yaani vipande vya molekuli vyenye elektroni isiyo na mwenzi, vinavyoungana upesi na chochote kilicho karibu. Oksijeni ikiwepo hudakwa na radikali hizo, mnyororo wa polima hukatika, na njia ya umeme hukatika nao. Kwenye plastiki nene oksijeni huishia karibu na uso. Kwenye uzi wa nanomita 200 hufika hadi katikati. Ndiyo maana sikubali majaribio ya plastiki nene yafanywe dhamana ya nyuzi nano.

Wa upande wa pili, wanaosema uzi hustahimili, nao hawasemi ovyo. Pete za kaboni za polianilini, mojawapo ya polima zinazoweza kupitisha umeme, humeza sehemu ya nishati bila kuvunjika upesi. Tena polianilini ya bluu, isiyopitisha umeme, ikichanganywa na PVC, plastiki yenye klorini, kisha ikapigwa mionzi, PVC hutoa asidi ya haidrokloriki. Polianilini huinywa asidi hiyo, hugeuka kijani na kuanza kupitisha umeme. Jambo la kupendeza kweli, na linafaa hata kwa kupimia mionzi. Ila viunzi vya neva mara nyingi huchanganywa na polikaprolaktoni, plastiki inayooza polepole mwilini, ambayo haina klorini ya kutoa asidi hiyo.

Kuna pia suala la muda, linalosahaulika mno. Gama huchukua saa kadhaa kufikisha kipimo ambacho mwale wa elektroni, njia nyingine ya kuua vijidudu kwa mionzi, hukifikisha kwa sekunde, hivyo oksijeni hupata nafasi ya kupenya. Hata mashine ikizimwa, radikali zilizonaswa ndani huendelea kuila polima kwa wiki nyingi.

Kwa vifaa vya mwilini, basi, naegemea upande wa hofu. Nyuzi zifungwe ndani ya nitrojeni kabla ya kupigwa mionzi, na upitishaji umeme upimwe tena baada ya miezi kadhaa, si siku ileile tu.