Alama za Hatari Zimejazwa, Mgonjwa Karudi Nyumbani Bila Sindano

Faili la mjomba wangu wa Machame nimelisoma mara nyingi, na kila nikilisoma hasira hunipanda upya. Alifanyiwa upasuaji wa saratani ya kongosho katika hospitali ambayo sitaitaja, na ndani ya faili hilo umo ukurasa mzima wa kupima hatari ya damu kuganda mishipani, umejazwa kwa mwandiko safi na kujumlishwa bila kosa, na chini yake yameandikwa kwa wino mwekundu maneno "hatari kubwa". Aliporuhusiwa alipewa dawa za maumivu na tarehe ya kliniki, lakini sindano za kuzuia damu kuganda ziliishia wodini. Wiki ya tatu mguu wake wa kushoto ulivimba, shangazi akadhani ni kwa sababu ya kukaa sana kitini, na tulipomfikisha Moshi mjini, ultrasaundi ikaonyesha bonge la damu kwenye mshipa wa paja.

Tuitazame hesabu yenyewe. Kwa kipimo cha Caprini, kinachojumlisha alama za hatari ya damu kuganda kwa wanaopasuliwa, mtu mwenye umri wa miaka 61 hadi 74 hupewa alama 2, saratani humwongezea 2, na upasuaji mkubwa unaozidi dakika 45 humwongezea 2 nyingine. Mjomba, aliyekwisha kutimiza miaka 68, alikuwa na alama 6 kabla hata hajapandishwa kwenye mizani, ilhali hatari kubwa huanzia 5. Ni mzee gani basi, miongoni mwa wanaopasuliwa kongosho kwa ajili ya saratani, atakayepata pungufu ya hapo? Kipimo kinachowapa wote jibu moja hakijatabiri chochote. Ni sawa na mtu wa hali ya hewa anayetutangazia kila siku ya Aprili kwamba huenda mvua ikanyesha Moshi. Kipimo cha Khorana cha mwaka 2008 nacho humpa mgonjwa wa kongosho alama 2 kwa sababu ya kiungo chenyewe tu, tena kiliundwa kwa ajili ya wagonjwa wa nje wanaoanza tibakemikali.

Wala jambo hili si geni. Daktari Mfaransa Armand Trousseau aliwaeleza wenzake wa Paris uhusiano wa saratani na kuganda kwa damu mwaka 1865, kisha mwaka 1867 akaiona dalili hiyo ya damu kuganda mwilini mwake mwenyewe, na mwaka huohuo akafariki kwa saratani ya tumbo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba la kufanya linajulikana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwalinganisha watu waliopasuliwa saratani za tumbo na nyonga: miongoni mwa waliochomwa enoksaparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, kwa takriban wiki moja, asilimia 12 walikutwa na mabonge, na miongoni mwa walioendelea hadi wiki nne, asilimia 4.8. Miongozo ya kimataifa hushauri wiki hizo nne kwa wagonjwa wa aina hii. Hatari haimsubiri mgonjwa wodini. Humfuata hadi nyumbani, ambako hakuna muuguzi wa kuitazama miguu yake.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba daktari wa upasuaji ana sababu ya kusita, kwa kuwa kutokwa na damu baada ya upasuaji wa kongosho kunaweza kuua haraka kuliko bonge lolote. Hapo ndipo utabiri ungekuwa na kazi ya maana: kutuambia ni nani damu yake itavuja na ni nani itaganda, ili sindano ianze, isimame au iendelee kwa sababu inayoeleweka. Programu za kompyuta zinazoahidi hayo nitazisifu zitakapopimwa kwa wagonjwa wa Kilimanjaro na Arusha.

Kwa sasa ningeridhika na mambo madogo. Kabla mgonjwa hajaruhusiwa, aulizwe nani atakayemchoma sindano, kwa fedha ya nani, na kama zahanati ya karibu imearifiwa. Enoksaparini haihitaji jokofu, kwa hiyo kisingizio cha umeme kukatika kijijini hakipo. Mkewe naye aambiwe waziwazi kwamba mguu mmoja ukivimba, au pumzi ikimkata ghafla, waondoke usiku huohuo wasisubiri tarehe ya kliniki. Shangazi hakuambiwa neno hata moja.