Duka la vitabu liwe duka au liwe kijiwe?

Jumamosi moja mwaka jana nilikaa nyuma ya kaunta ya duka dogo la vitabu hapa Dar es Salaam, nikimsaidia rafiki yangu ambaye ndiye mwenye duka. Jioni hiyo ilikuwa zamu ya klabu ya usomaji. Viti vyote kumi na sita vilijaa, na mjadala ulinoga mpaka saa mbili usiku, watu hawataki kuondoka. Tulipofunga hesabu, mauzo ya jioni nzima yalikuwa vitabu vitatu. Wengi walikuwa wamekisoma kitabu cha siku hiyo kwenye simu, kwa PDF iliyozungushwa kwenye kundi lao la WhatsApp.

Wapo wanaoamini kwamba duka huru la vitabu haliwezi kuishi kwetu mpaka liwe kwanza mahali pa watu kukutana: klabu, uzinduzi, usiku wa mashairi, kahawa, watoto kusimuliwa hadithi Jumamosi asubuhi. Wengine wanasema hapana, duka ni duka, na mwenye kugeuza frem yake kijiwe asishangae siku mwenye nyumba akimfungia mlango. Nimewasikia wa pande zote mbili wakiongea kwa uchungu, na wote wana mfano wa kuonyesha.

Tuanze na hesabu. Chukua kitabu cha shilingi 20,000. Mchapishaji akikupa punguzo la asilimia 30, unabaki na 6,000. Kama frem yako ni 600,000 kwa mwezi, lazima uuze vitabu 100 ili ulipe pango peke yake, kabla hujanunua umeme, hujamlipa kijana wa dukani, hujafikiria kodi ya mapato. Na wenye nyumba wengi hawapokei mwezi mmoja mmoja, wanataka miezi sita au mwaka mbele. Fedha ambayo ingejaza rafu inaondoka siku ya kwanza.

Zamani pengo hilo lilizibwa na vitabu vya shule. Januari ikifika, mzazi anakuja na orodha mkononi, na mauzo ya wiki chache yanabeba riwaya na mashairi ya mwaka mzima. Nguzo hiyo imeng'oka. Tanzania iliivunja EMAC, kamati iliyokuwa ikiidhinisha vitabu vya wachapishaji binafsi, mwaka 2013, na kazi ya vitabu vya kiada ikarudi Taasisi ya Elimu. Kenya ilianza mwaka 2018 kununua vitabu vya shule za umma moja kwa moja kwa wachapishaji, muuzaji akarukwa, naye tangu 2013 anatoza VAT ya asilimia 16 juu ya kila kitabu. Sisemi sera hizo zote ni mbaya. Mtoto wa kijijini kupata kitabu bila mzazi kuuza kuku ni jambo kubwa. Lakini aliyebaki na riwaya na tawasifu hana tena msimu wa kumwokoa. Lazima amtafute msomaji mmoja mmoja, amjue kwa jina na anachopenda. Kwa hiyo wanaosema jumuiya ndiyo mtaji, hapo wamesema kweli.

Ila jumuiya peke yake haitoshi, na mfano unaonikaa moyoni unatoka London. Mwaka 1972 Tanzania Publishing House (TPH) ya Dar es Salaam ilichapisha kitabu cha mwanahistoria wa Guyana, Walter Rodney, kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kwa kushirikiana na Bogle-L'Ouverture, kampuni ya uchapishaji ya Jessica na Eric Huntley, wazaliwa wa Guyana walioishi London. Akina Huntley walianzia sebuleni kwao. Baadaye wakafungua duka, watu wakawa wanakutana hapo kusoma mashairi, kufundishana na kupanga mambo yao. Miaka ya 1970 wabaguzi wa rangi walilishambulia, na watu wakasimama nalo. Rodney alipouawa mwaka 1980, duka likapewa jina lake. Ungetaka jumuiya gani zaidi ya hiyo? Hata hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilifungwa, kwa sababu pango lilipanda. Wabaguzi hawakuliweza, pango liliweza.

Upande wetu, jina la TPH bado liko Barabara ya Samora, na duka linaendeshwa na Mkuki na Nyota, kampuni aliyoianzisha Walter Bgoya mwaka 1991 baada ya kuiongoza TPH tangu 1972. Tazama lilivyosimama: mwenye duka ni mchapishaji pia, kwa hiyo kitabu chake kikiuzwa pale hagawani na muuzaji mwingine. Soma Book Café ya Mikocheni nayo imezaliwa ndani ya shughuli pana ya kukuza usomaji, na kitabu ni sehemu moja tu ya kazi yake. Maduka haya yana mguu wa pili. Anayeanza na rafu, viti na nia njema tu anasimama kwa mguu mmoja, hata kama ukumbi umefurika.

Watu wengi husema mguu wa pili uwe kahawa. Nakubali kwamba kikombe kina faida nzuri kuliko riwaya, lakini nimeona pia rafu zinavyogeuka pambo la mgahawa: vitabu vilevile miaka miwili, vimepauka mgongo kwa jua la dirishani, na kijana wa kaunta anajua bei ya juisi ila hajui kama kuna diwani ya Shaaban Robert. Kahawa iwepo, lakini asiyejua vitabu asiachiwe rafu.

Lipo jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka. Vijana wanaokaa saa tatu dukani bila kununua kitu si wakorofi. Hawana pengine pa kukaa na kusoma. Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi ilifunguliwa Desemba 1967, na jiji limekua mara ngapi tangu hapo? Tunachomdai muuza vitabu ni kazi ya maktaba, aifanye kwa fedha yake mwenyewe. Nairobi wameanza kulishika jambo hili mahali pake: tangu 2017 asasi ya Book Bunk imekuwa ikikarabati maktaba za umma, ile ya McMillan iliyofunguliwa 1931 pamoja na matawi ya Kaloleni na Makadara. Maktaba ikiwa hai, duka linapumua, maana aliyeonja kitabu cha kuazima ndiye hurudi kununua chake.

Kisha kuna mali kauli. Mwandishi aliyejichapishia analeta nakala kumi, anaachiwa karatasi, atalipwa zikiuzwa. Jumuiya ya duka la vitabu inajengwa au kubomoka hapa kuliko kwenye usiku wowote wa mashairi. Nilikuwepo dukani kwa rafiki yangu mwandishi mmoja alipokuja mara ya tatu, na kidaftari chake mkononi. Nakala nane zilikuwa zimeuzwa, fedha yake ilikuwa imelipa umeme. Hakugomba. Alikunja kidaftari akasema, "Basi nitapita tena." Rafiki yangu aliumwa na sauti ile kuliko angetukanwa. Wiki hiyohiyo alifungua akaunti ya pembeni kwenye simu, kila kitabu cha mali kauli kikiuzwa fungu la mwandishi linaingia humo, na halitoki kwa shida nyingine yoyote. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi ya jumuiya, hata kama haipigwi picha.

Na jumuiya ya nani? Klabu nyingi ninazozijua, Dar na hata Nairobi, husoma na kujadili kwa Kiingereza. Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel ya fasihi mwaka 2021, watu walimiminika kumuulizia. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wakatoa *Peponi*, riwaya yake *Paradise* iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis. Mama wa mtaani aliyekuwa akipita dukani kila siku bila kuingia aliingia kwa kitabu kile. Msomaji wa Kiswahili hakukosekana. Alikuwa hajaalikwa.

Nikilazimika kuchagua upande, nasema kijiwe kiwepo, lakini kizunguke kitabu kilichomo dukani. Rafiki yangu amebadilisha utaratibu. Kitabu cha klabu kinachaguliwa wiki sita kabla, anaagiza nakala, wanachama wanalipa kidogo kidogo na majina yanaandikwa daftarini. Walioona hilo ni kuwafukuza wanafunzi walilalamika, na walikuwa na hoja, ndipo akatenga nakala tatu za kuazima zenye muhuri wa duka.

Mwezi uliopita walikuja kumi na mmoja. Tisa walikuwa wamenunua, wawili wameazima. Nakala moja ya kuazima ilirudi na maneno ya penseli pembeni, kurasa kama ishirini hivi, mtu akibishana na mwandishi mstari kwa mstari. Nilitafuta kifutio. Rafiki yangu akaichukua, akairudisha rafuni vilevile.