Habari Zinazoachwa Njiani

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne hapa Lamu, na kila usiku baada ya sala ya isha husikiliza taarifa ya habari pamoja na babu yangu, ambaye alikuwa mvuvi. Linaloniudhi ni kwamba mambo yanayotuhusu hutangazwa siku moja kwa kishindo, kisha yakaachwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, kwa kuwa ujenzi wa bandari mpya hapa Lamu uliathiri maeneo waliyozoea kutega malema na kutandaza jarife. Hukumu hiyo ilivuma. Gati la kwanza lilipofunguliwa Mei 2021, picha za meli kubwa zilivuma zaidi.

Tangu hapo babu huniuliza, “Mjukuu wangu, wale wavuvi wamefikia wapi?” Nami, niliyefundishwa shuleni kuandika insha kuhusu haki za jamii (na nikasifiwa kwazo), sina la kumjibu, maana mtangazaji amekwisha kuhamia kwenye matokeo ya mpira wa Uingereza.