Dawa ya Kumlaza Punda: Kufuli Liwekwe Wapi?

Zailazini ni dawa ya mifugo. Ilitengenezwa mara ya kwanza na kampuni ya Bayer, Ujerumani, mwaka 1962, na kazi yake ni kumtuliza mnyama ili ashughulikiwe bila kuumia wala kuumiza: ng'ombe anayeshonwa jeraha, punda anayehasiwa, mbwa anayefungwa kizazi. Haijawahi kuidhinishwa kwa matumizi ya binadamu, kwa sababu huteremsha presha na kupunguza mapigo ya moyo kupita kiasi. Hata hivyo, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imekuwa ikichanganywa na mihadarati kule Puerto Rico, ikaingia Philadelphia, kisha ikaenea sehemu kubwa ya Marekani. Tarehe 12 Aprili 2023, Ikulu ya Marekani ilitangaza fentanili, dawa kali ya jamii ya heroini, iliyochanganywa na zailazini kuwa tishio jipya kwa taifa. Januari 2025 Uingereza nayo iliiweka katika daraja C la sheria yake ya dawa za kulevya.

Kuna wanaosema Kenya isingoje. Iiweke zailazini kwenye orodha ya mihadarati leo, kabla haijafika maskani za Kisauni na Mji wa Kale hapa Mombasa. Wako pia wanaosema tusiiguse, kwa kuwa atakayeumia ni mfugaji wa Kwale na Tana River, naye muuzaji wa unga, yaani heroini, atatafuta kitu kingine. Mimi naona pande zote mbili zina jambo la haki. Naona pia kwamba zinagombania mlango usio wenyewe.

Nianze na wanaotaka sheria kali, maana hofu yao si ya kubuni. Pwani hii imeishi na heroini kwa zaidi ya kizazi kimoja. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia ilikamata zaidi ya tani moja ya heroini baharini, karibu na pwani ya Kenya. Januari 2017 ndugu wa familia ya Akasha walipelekwa Marekani kushtakiwa kwa ulanguzi wa mihadarati, na mwaka 2019 mmoja wao, Baktash Akasha, alihukumiwa kifungo cha miaka 25. Mji wenye historia hiyo hauwezi kuambiwa usubiri kuona.

Na madhara yenyewe ni ya kutisha. Zailazini si jamii ya heroini. Inatuliza kwa njia nyingine kabisa, na ndiyo maana nalokisoni, dawa inayomzindua mtu aliyezidisha heroini, haiwezi kuizima. Mtu akichomwa nalokisoni anaweza kurudi kupumua, kwa kuwa sehemu ya heroini au fentanili imezimwa, lakini akabaki amelala fofofo, na wenzake wakadhani haijafanya kazi. Wakaongeza dozi, na nyingine tena, huku muda unakwenda. Wauguzi wa Philadelphia wamelazimika kufundisha watu kwamba kipimo cha nafuu ni pumzi, si kufumbua macho: toa nalokisoni, msaidie kupumua, mlaze ubavu, ita msaada.

Kisha kuna vidonda. Watumiaji wa mchanganyiko huu hupata majeraha yanayooza, mara nyingine mahali ambapo sindano haikupita kabisa. Ngozi hugeuka nyeusi, nyama hufa, na wapo waliokatwa mikono au miguu. Arosto yake, yaani mateso ya kuikosa, pia ni ngumu, kwani methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini, hutuliza hamu ya heroini tu. Sehemu ya zailazini hubaki na fadhaa yake, na daktari asiyejua kilichomo hushangaa kwa nini mgonjwa hatulii.

Wapo wanaojifariji kwamba jambo hili ni la Marekani kwa sababu ya fentanili. Hoja yao ina mantiki kiasi. Ulevi wa fentanili huisha upesi, muuzaji huongeza zailazini ili urefuke, na hapa kwetu unga ni heroini ya Afghanistan, ambayo hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Lakini Puerto Rico inawajibu. Kule zailazini ilianza kuchanganywa na heroini miaka mingi kabla fentanili haijatawala. Tena Aprili 2022 Taliban walipiga marufuku kilimo cha mpopi, mmea unaotoa afyuni ya kutengenezea heroini, na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayohusika na dawa za kulevya ilikadiria kwamba mavuno ya afyuni ya Afghanistan yalishuka kwa asilimia 95 mwaka 2023. Bidhaa ikiadimika, anayeiuza huirefusha kwa chochote cha bei rahisi. Hapa hapa Pwani unga umekuwa ukitumiwa pamoja na bugizi, vile vidonge vya usingizi, kwa miaka mingi. Mazoea ya kuchanganya tayari tunayo.

Sasa upande wa wafugaji, na hapa nataka kukaa zaidi, kwa sababu mjini sauti yao haisikiki.

Zailazini ni mojawapo ya dawa chache za kutuliza ambazo veti wa kijijini anaweza kuzimudu na kuzibeba. Haihitaji mashine. Inachomwa kwenye msuli, dakika chache mnyama analala au anasimama kwa utulivu. Ng'ombe anahitaji takriban sehemu moja ya kumi ya dozi ya farasi, kwa hiyo chupa moja huhudumia wanyama wengi. Mbuzi ni mwepesi zaidi kudhurika, na veti mzoefu humpimia kwa uangalifu mkubwa. Madhara yakizidi, zipo dawa za kuizima kwa mnyama, kama tolazolini na atipamezoli, ambazo hazijaidhinishwa kwa kazi hiyo kwa binadamu. Ikichanganywa na ketamini, dawa ya usingizi, hutosha kwa upasuaji wa mbwa, na mji unaotaka kupunguza mbwa wanaozurura ili ushinde kichaa cha mbwa unauhitaji upasuaji huo kwa wingi.

Ukienda Lamu, ambako punda ndiye gari la mji, utaona maana yake. Punda dume akihasiwa bila dawa ya kutuliza anafungwa kamba, anaangushwa chini, na watu wanne wanamkalia huku kisu kikifanya kazi. Anateseka, na teke lake huvunja mbavu za mtu. Dawa hii ndiyo inayoondoa ukatili huo. Ukiifanya ngumu kupatikana, kazi haitaacha kufanywa. Itafanywa kwa kamba.

Kenya ilipunguza huduma za serikali za mifugo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, na leo mfugaji wa Ganze au Kinango hutegemea duka la agroveti na mtu mwenye cheti au stashahada ya afya ya mifugo, anayekuja kwa pikipiki. Sheria ya mihadarati ikimtaka mtu huyu awe na kibali maalumu, kasiki ya chuma na daftari linalokaguliwa na polisi, ataacha kuibeba. Nadhani wengi tungeacha. Kosa dogo la hesabu ya mililita lingempeleka mahakamani chini ya sheria ya 1994 iliyotungwa kwa ajili ya walanguzi, ambayo marekebisho ya 2022 yalibadilisha adhabu zake.

Watetezi wa sheria kali hujibu kwamba etorfini, dawa ya kuangusha tembo, ni narkotiki kwa mujibu wa mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961, na bado madaktari wa wanyamapori wanaitumia. Ni kweli. Ila etorfini iko mikononi mwa madaktari wachache, chini ya taasisi zenye stoo na walinzi. Zailazini inahitajika kwenye maboma. Mfano unaofaa zaidi ni ketamini. Mara kadhaa kulipoletwa pendekezo la kuidhibiti kimataifa kwa kuwa inatumiwa vibaya, jopo la wataalamu wa Shirika la Afya Duniani lilipendekeza isiwekwe kwenye mikataba, kwa sababu katika nchi maskini ndiyo dawa ya usingizi inayowezesha upasuaji mahali pasipo na mashine wala daktari bingwa wa usingizi. Walipima nani anaumia na nani anaokolewa.

Mpaka hapa mizani imekaribiana. Kinachonifanya niegemee upande ni jinsi dawa hii inavyofika mtaani.

Mwanzoni, hasa Puerto Rico, ilitoka kwenye chupa za madaktari wa mifugo. Lakini Marekani ilipochunguza, ilikuta pia biashara ya unga mkavu wa zailazini. Idara yake ya kupambana na dawa za kulevya, katika ripoti ya 2022, ilisema unga huo ulipatikana kutoka kwa wauzaji wa China kwa dola 6 hadi 20 kwa kilo. Kwa bei hiyo hakuna mlanguzi mwenye akili atakayehangaika kuiba chupa za agroveti moja moja. Februari 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikaanza kuzuia mizigo ya zailazini inayotiliwa shaka mipakani.

Kwa Mombasa hilo ndilo jambo kubwa. Sisi ndio bandari. Kontena za Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo hupita hapa. Kama dawa hii itaingia Afrika Mashariki kwa wingi, njia yake haitakuwa mkoba wa veti wa Kinango. Itaandikwa kwenye karatasi za forodha kama malighafi ya dawa au kemikali fulani. Sheria inayomkaba veti na kuiacha karatasi hiyo ipite itakuwa imemkamata asiyehusika.

Philadelphia inatufundisha jambo lingine. Jimbo lake, Pennsylvania, liliidhibiti zailazini mwaka 2023. Mwaka 2024 ikaonekana kwenye mihadarati ya jiji dawa nyingine ya mifugo ya jamii hiyo hiyo, medetomidini, yenye nguvu zaidi, na arosto yake imewalaza watu katika vyumba vya wagonjwa mahututi. Sisemi udhibiti ndio ulioizaa, soko la mihadarati lina sababu nyingi. Nasema orodha yenye jina moja inapitwa upesi. Kikiandikwa kitu, kiandikwe kwa jamii nzima ya dawa hizo, na kimlenge anayeingiza.

Kwa hiyo napendelea hivi. Uingizaji wa zailazini na ndugu zake uhitaji kibali kwa kila shehena, ikiwemo malighafi, na kuingiza bila kibali liwe kosa zito la jinai. Muuzaji wa jumla aweke daftari la nani amenunua chupa ngapi, na agroveti iuze kwa cheti cha daktari au mtaalamu aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Veti aliyesajiliwa abaki huru kuibeba na kuitumia kama kawaida. Hata Marekani, mswada ulioletwa bungeni mwaka 2023 wa kuiweka zailazini daraja la tatu la dawa zinazodhibitiwa ulijaribu kulinda matumizi ya mifugo, na chama cha madaktari wa mifugo cha huko kiliuunga mkono. Madaktari hawachukii udhibiti. Wanachokataa ni kufanywa washukiwa.

Kuna kikwazo cha nyumbani ambacho wanaodai sheria mpya hawakitaji. Bodi ya Famasia na Sumu ina mamlaka juu ya dawa, na kanuni za 2015 zikaunda kurugenzi ya dawa za mifugo chini ya sheria ya madaktari wa mifugo. Mvutano kati ya pande hizo mbili kuhusu nani anasimamia dawa za wanyama umekuwa wa muda mrefu. Bila kuamua nani anatoa kibali cha bandarini, maneno makali ya sheria yatabaki kwenye karatasi. Jambo hili linachosha kusoma, najua, lakini ndilo litakaloamua kama daftari la muuzaji wa jumla litawahi kufunguliwa na mkaguzi.

Na mtumiaji? Hapa sitaki kupatana na wanaotaka kila aliyekutwa na chembe ya mchanganyiko afungwe. Mraibu wa unga hajui kilichomo kwenye kete aliyonunua. Kumshtaki kwa kumiliki zailazini ni kumwadhibu kwa udanganyifu aliofanyiwa. Kenya ilianza kutoa methadoni Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari, huduma ikafika Malindi na baadaye Kisauni. Mombasa ina mashirika kama Reachout na MEWA yaliyofanya kazi na waraibu tangu enzi ambazo jamii iliona aibu hata kuwataja. Hao ndio watakaoona kidonda cha kwanza cha ajabu, miezi kadhaa kabla polisi hawajaona chochote. Wafundishwe sasa namna ya kukitambua na kukisafisha, na nalokisoni iwe mikononi mwao pamoja na maelezo ya kuangalia pumzi.

Jambo la mwisho ni maabara. Vipimo vya kawaida vya mkojo haviioni zailazini, ni lazima anayepima awe ameamua kuitafuta. Mkemia wa Serikali ana maabara Mombasa. Unga unaokamatwa hupelekwa kupimwa ili kuthibitisha kesi, na mara heroini ikishapatikana mahakama imetosheka. Kaunti na Wizara ya Afya ziombe kipimo kiendelee hatua moja zaidi, zailazini na medetomidini zitafutwe katika sampuli hizo, na matokeo yatumwe wiki hiyo hiyo kliniki ya Kisauni na hospitali kuu ya Makadara, bila kungoja hukumu.