Msimsafishe Duvalier mtoto

Makala yenu inasema Jean-Claude Duvalier, aliyetawala Haiti baada ya baba yake François, alikuwa afadhali kuliko mzee huyo. Sikubaliani kabisa. Ni kweli François ndiye aliyejifanya rais wa maisha mwaka 1964, na Novemba mwaka huohuo waasi wawili, Marcel Numa na Louis Drouin, walipigwa risasi hadharani penye ukuta wa makaburi ya Port-au-Prince, wanafunzi wakiletwa kutazama. Watoto wa shule, jamani!

Lakini gereza la Fort Dimanche halikufungwa mzee alipofariki 1971. Katiba ilikuwa imeshabadilishwa, umri wa rais ukashushwa kutoka miaka 40 hadi 18, ili kijana wa miaka 19 airithi Haiti kama shamba la familia. Chini yake wafungwa waliendelea kufa kwa njaa na kifua kikuu, na Tonton Macoute, wanamgambo wa akina Duvalier, waliendelea kukamata watu. Alikimbilia Ufaransa Februari 1986, akarudi 2011, akafariki Oktoba 2014 akiwa huru, kesi dhidi yake kuhusu maovu ya utawala wake haijaisha. Mhariri, waliofia Fort Dimanche baada ya 1971 nao watajwe kwenye makala hii.