Zoloto likibaki lakini halifanyi kazi

Saratani ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho kooni, ikishakua bila kusambaa mbali, kuna njia mbili kuu. Moja ni kuliondoa zoloto lote, kisha mara nyingi mgonjwa apigwe mionzi. Nyingine ni kuliacha mahali pake na kulitibu kwa mionzi pamoja na sisiplatini (dawa ya saratani), huku upasuaji ukiwekwa akiba endapo uvimbe utarudi.

Wanaotetea kulibakiza wana hoja nzito. Utafiti wa hospitali za maveterani wa Marekani uliochapishwa mwaka 1991 ulihusisha wagonjwa 332, wengine wakipasuliwa na wengine wakipewa dawa na mionzi. Baada ya miaka 2, asilimia 68 walikuwa hai katika kila kundi, na asilimia 64 ya waliotibiwa kwa dawa na mionzi bado walikuwa na zoloto. Walionusurika walipoulizwa miaka kadhaa baadaye, waliobaki nalo walikuwa na hali bora ya maisha, ingawa sababu kubwa ilikuwa maumivu machache na sonona kidogo, kuliko sauti yenyewe. Hapo ndipo wengi hukosea: hudhani mjadala wote ni wa sauti.

Tatizo ni namna ya kuhesabu. Mtu anayelishwa kwa mpira na kupumua kupitia tundu la shingoni alikuwa akiandikwa kuwa amefaulu, mradi tu zoloto halijakatwa. Mwaka 2009 jopo la wataalamu lilipendekeza kipimo kikali zaidi: mgonjwa awe hai, zoloto liwepo, na asitegemee mpira wala tundu. Kwa maoni yetu hicho ndicho kipimo cha haki.

Kwa nini zoloto lililobaki hushindwa kazi? Dozi ya kawaida ya mionzi ni grei 70 (grei ni kipimo cha mionzi) kwa vipindi 35, yaani wiki 7. Vidonda na makohozi mazito huanza katikati ya tiba, na vingi hupona. Kinachoumiza zaidi huja polepole: misuli hugeuka kovu na kukakamaa, kimio, yaani kifuniko cha njia ya hewa, hakifuniki vizuri, na hisia ya koo hupungua hata mtu akapaliwa bila kukohoa. Chakula huteremkia mapafuni kimyakimya, na dalili ya kwanza inaweza kuwa nimonia. Kwa hiyo kumpa mgonjwa maji na kusikiliza kama atakohoa hakutoshi. Umezaji upimwe kwa eksirei ya kumeza au kwa kamera inayopitishwa puani. Madhara haya yanaweza kujitokeza hata miaka mingi baada ya tiba.

Mpira wa kulishia nao una pande mbili. Huzuia kukonda na kuishiwa maji mwilini, lakini koo lisilomeza kwa wiki nyingi hudhoofika. Mpira ukiwekwa, mgonjwa aendelee kumeza chochote kilicho salama, hata vijiko vichache, na afanye mazoezi ya kumeza kila siku tangu kabla ya mionzi.

Kuondoa zoloto hutenganisha kabisa njia ya hewa na ya chakula, hivyo hatari ya kupaliwa karibu iishe. Gharama yake ni tundu la kudumu shingoni, kunusa kunakofifia kwa kuwa hewa haipiti puani, na makohozi yanayohitaji kichujio cha kuhifadhi unyevu. Ndugu na wahudumu wa dharura wajue jambo moja: oksijeni huwekwa shingoni, si mdomoni.

Sauti hurudi kwa vali ndogo inayowekwa kati ya koo la hewa na umio. Mgonjwa huziba tundu kwa kidole, na hewa hupita kwenye vali ikatetemesha koo. Vali hudumu miezi michache tu. Ikivuja, mgonjwa anywe kinywaji chenye rangi huku mtu akimulika kwa tochi. Uvujaji wa katikati humaanisha vali imechakaa, mara nyingi kwa fangasi, na hubadilishwa. Uvujaji wa pembeni humaanisha vali ni ndefu mno au kitobo kimepanuka. Kuweka nyingine ya ukubwa uleule hakutasaidia.

Hata ile "akiba" ya upasuaji ina bei. Nyama iliyopigwa mionzi hupona kwa shida, na fistula inayovujisha mate hadi kwenye ngozi ya shingo hutokea zaidi kuliko kwa aliyepasuliwa mwanzoni.

Swali la kwanza kwa daktari basi liwe: je, zoloto linafanya kazi leo? Anayepaliwa tayari, au ambaye uvimbe umetoboa gegedu, mara nyingi hafaidiki kwa kulibakiza. Anayemeza na kupumua vizuri ana kila sababu ya kujaribu. Halafu yaangaliwe mambo yanayosahaulika: vali huhitaji mikono thabiti, macho yanayoona, na kliniki inayofikika kila inapovuja. Asiye na hayo aoneshwe mapema kifaa cha umeme kinachobanwa shingoni kutoa sauti, kabla hajakubali upasuaji.